Tingatinga: Kibarua wa Mkonge Aliyekuwa Mchoraji

Mto Sigi huanzia katika misitu ya Amani, juu kwenye Milima ya Usambara ya Mashariki. Huteremka kwa mawe na maporomoko hadi miguuni mwa mlima, mahali penye kijiji kilichopewa jina la mto huo, kisha hupita katika nchi ya Muheza na kumwagika baharini kaskazini ya mji wa Tanga, mkabala na kisiwa cha Pemba. Wajerumani, walipokwisha kufungua kituo chao cha utafiti wa mimea huko Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapo Sigi ili kuteremsha magogo ya mbao. Reli hiyo haipo tena, bali nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama, na leo huwapokea wageni wanaokuja kutazama msitu.

Lakini magogo hayakuwa utajiri mkubwa wa nchi hii. Utajiri ulikuwa chini, katika tambarare, nao ulikuwa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na katika hiyo ni 62 tu iliyosalimika. Kutokana na miche hiyo 62 yalienea mashamba ambayo, kabla ya Uhuru na miaka michache baada yake, yaliifanya nchi yetu kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Jani la mkonge haliwi singa mpaka lipite katika korona, na korona haiendi bila ya maji mengi. Ndiyo sababu mashamba yalipenda kukaa karibu na mito, na miongoni mwa mito ya mkoa huu ni Sigi na Pangani.

Maji yalikuwapo, ardhi ilikuwapo, watu hawakutosha. Wasambaa walikuwa na mashamba yao milimani, Wabondei na Wadigo walikuwa na minazi na mihogo yao, wala hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mkonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo wenye mashamba waliwatafuta watu wa mbali, na mwaka 1944 chama chao kikaanzisha ofisi maalumu ya kuandikisha vibarua, ambayo wananchi waliiita Silabu. Watu walitoka Kigoma, Songea na Urundi, na Wamakonde na Wamakua wakavuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wote wakaitwa manamba. Kila mmoja alishika kipande chake, na siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ndiyo iliyotiwa alama. Zilipotimia siku 30, hata kama ni baada ya wiki nyingi, ndipo alipolipwa. Wazee wa visiwani waliokuwapo wakati wa msimu wa karafuu, wakawaona watu wa bara wakija kwa majahazi kutafuta kazi, hawana haja ya kuelezwa zaidi juu ya mtu anayeacha kwao kwenda kuuza nguvu za mikono yake.

Miongoni mwa manamba wa Tanga wa miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwamo kijana mmoja kutoka Tunduru, ambaye jina lake hivi leo limeandikwa katika maduka ya Unguja kuliko jina la sultani yeyote aliyepata kukaa Forodhani. Leo tunataka kumweleza msomaji habari za maisha ya kijana huyo, kwani tumetambua kwamba watu wengi wanalijua jina lake bila ya kujua kwamba lilikuwa la mtu. Mtoto wa shule ukimwuliza tingatinga ni nini, atakujibu kwamba ni mtambo wa kulimia au wa kuchongea barabara, na hatakuwa amekosea. Muuza vinyago ukimwuliza, atakuonyesha picha ya twiga. Ni wachache watakaosema kwamba Edward Saidi Tingatinga alikuwa mwanadamu aliyezaliwa, akaoa, akazaa watoto wawili, na akafa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, katika Wilaya ya Tunduru, kusini kabisa ya nchi yetu, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na jambo hilo limebaki katika majina yake mwenyewe, Edward na Saidi, yaliyokaa pamoja bila ya kugombana. Tingatinga halikuwa jina la utani alilopewa mjini kama baadhi ya watu wanavyodhani, bali ni jina la baba yake. Shule aliipata kidogo, ya misheni, kisha akaiacha kama watoto wengi wa wakati ule walivyoiacha.

Tunduru ya siku zile ilikuwa nchi ya wanyama. Tembo waliingia katika mashamba ya mahindi, simba walihesabiwa miongoni mwa majirani, na mtoto aliyetumwa kuchota maji alijua nyayo za kila kiumbe kilichotangulia kisimani. Ilikuwa pia nchi ya watu wenye mikono. Wamakua na Wamakonde ni watu wanaochonga, wanaosuka, na wanaopaka rangi kuta za nyumba zao za udongo, na wataalamu kadha wa kadha wameeleza kwamba huko ndiko jicho la mchoraji huyu lilikofundishwa. Wengine hawakubaliani nao. Sisi hatuingii katika ubishi huo, ila twaona si ajabu mtu aliyekulia katika kijiji cha namna hiyo akiwa na tembo kichwani mwake hadi siku atakayopata mahali pa kumweka.

Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 25, aliacha kwao akaja Tanga kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ni ya mkonge. Hapa maisha yake yaligusana na nchi hii ya Sigi na Muheza, na hapa ndipo habari zake zinapokuwa chache. Kibarua hakuandikiwa kitabu. Aliandikiwa namba, na shamba likiisha kumlipa halikuwa na haja ya kukumbuka kwamba alipenda kuchora au kucheza ngoma. Yajulikana kwamba hakukaa sana. Mwaka 1959 alikwisha kuondoka kwenda Dar es Salaam, kama walivyoondoka maelfu ya vijana wenzake waliokwisha kuona kwamba mwisho wa shamba la mkonge ni shamba jingine la mkonge.

Dar es Salaam alimkuta ndugu yake, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu huko Msasani. Yeye naye akapata kazi ya bustani kwa ofisa mmoja Mwingereza, akaifanya hadi mwaka 1961. Ulipofika Uhuru, ofisa alifunga mizigo yake, na mtunza bustani akabaki bila ya bustani. Wananchi waliokuwa Dar es Salaam wakati ule wanafahamu jinsi furaha ya bendera mpya ilivyochanganyika na shida za watu waliokuwa wakiishi kwa mishahara ya wale waliokuwa wakiondoka. Tingatinga alifanya kila kazi iliyojitokeza. Aliuza matunda na mboga, alishika vibarua vya ujenzi, alipaka rangi kuta, na jioni alikuwa mpiga ngoma hodari katika kikundi cha watu wa kwao. Hatimaye alipata kazi ya Serikali, kazi ndogo sana, ya mhudumu wa wodi katika Hospitali ya Muhimbili. Maofisa wanaosoma safu hii watie jambo hilo akilini: mchoraji mashuhuri kuliko wote aliyepata kutoka Tanzania alikuwa mtumishi wa Serikali wa daraja la chini kabisa, na hapana ofisi yoyote iliyojua kwamba anaweza kuchora.

Alianza kuchora mwaka 1968 hivi. Husemwa kwamba aliwaona wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakitembeza picha zao mjini, akaona watu wakizinunua, naye akajiambia kwamba na yeye anaweza. Ikiwa habari hiyo ni ya kweli, basi haimpunguzii heshima yoyote. Kila fundi ameanza kwa kumtazama fundi mwenzake. Alilolifanya yeye ni kukataa kuchora kama Wakongo walivyochora, na kuchora kama yeye mwenyewe.

Yafaa tueleze kazi hiyo kwa urefu, maana siku hizi wengi wameona mfano wake, lakini wachache wameuona mwanzo wake. Tingatinga hakuwa na fedha za kununua kitambaa cha wachoraji wala rangi zinazotoka katika vibomba vidogo kutoka Ulaya. Alichukua hadibodi, ubao ule mwembamba wa kahawia unaopigiliwa darini, akaukata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili. Kwa rangi, alinunua ile ya kung'aa iuzwayo katika mikebe, ambayo fundi wa baiskeli huitumia kufufua baiskeli kuukuu. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, pengine mbili zilizoingiana, akauacha ukauke. Kisha katikati alimweka mnyama mmoja, au ndege mmoja, mkubwa kuliko nafasi aliyopewa, pengine na tawi au ua pembeni. Mnyama huyo hakuwa na kivuli wala hakusimama juu ya ardhi yoyote. Mistari yake ilikuwa safi, na ngozi yake ilijazwa madoa na michirizi kwa subira kubwa. Macho yake yalimkabili mtazamaji.

Rangi ya baiskeli ina tabia zake. Haichanganyiki vizuri kama rangi ya mchoraji, haikubali kufutwafutwa, na hukauka polepole. Mtu anayeitumia hana budi kuamua kabla ya kuweka brashi. Pengine ndiyo sababu chui wa Tingatinga anaonekana ameamuliwa. Hakuna mahali ambapo mkono ulisita. Wale waliokuja baadaye waliongeza ndege kumi ambapo yeye aliweka mmoja, wakajaza maua kila pembe, na kazi zao zinapendeza sana ukutani, lakini mtu akiuweka ubao wa Tingatinga mwenyewe karibu na hizo, jicho litarudi kwenye ule wenye mnyama mmoja.

Katika mji wa Unguja sonara hukaa nyuma ya mizani. Anayekuja kununua kipuli au bangili huona dhahabu inavyopimwa, huambiwa bei ya dhahabu na bei ya ufundi, na hata akibishana, hubishana juu ya kitu ambacho kimepimwa. Mchoraji hana mizani. Kipande cha ubao wa dari na vikombe viwili vya rangi ya baiskeli thamani yake yajulikana dukani, nayo ni ndogo. Kinachobaki chote ni mkono na jicho la mtu, na hapo mnunuzi ndiye anayeamua. Tingatinga aliijua hali hiyo. Aliweka picha zake chini ya mti nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua nyama na mboga, akaziuza kwa shilingi chache. Mkewe, aliyemwoa mwaka 1970, na jamaa zake walimsaidia kuuza.

Wanunuzi wake wa kwanza hawakuwa wananchi. Tusione haya kulisema jambo hilo, kwani ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wageni, na hasa watu wa nchi za kaskazini ya Ulaya, Wadenmark, Waswedi, Wanorwe na Wafini, ambao miaka ile walikuwa wengi Dar es Salaam kwa sababu ya misaada ya nchi zao. Mradi mkubwa wa pamoja wa nchi hizo ulikuwa Kibaha, ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Walimu, wauguzi na mabwana shamba wa mradi huo na miradi mingine, walipofunga safari ya kurudi kwao, walitafuta kitu cha kukumbukia. Kinyago cha mpingo kilikuwa kizito. Ubao wa futi mbili uliingia sandukuni. Kwa njia hiyo picha za mhudumu wa wodi ziliangikwa katika vyumba vya watu huko Copenhagen na Oslo kabla hazijaangikwa katika ofisi yoyote ya Serikali hapa nchini.

Wakati huo huo nchi yetu haikuwa bila ya mchoraji aliyeheshimiwa. Alikuwapo Sam Ntiro, mtu wa Machame, aliyesoma na kufundisha Makerere, akasoma tena London katika chuo cha Slade, akawa Balozi wetu Uingereza mara baada ya Uhuru, na baadaye akashika madaraka ya mambo ya utamaduni Serikalini. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York mwaka 1960. Ntiro alistahili yote aliyoyapata, wala hatumtaji ili kumshusha. Twamtaja kwa sababu wote wawili waliishi katika nchi moja na wakati mmoja, mmoja akiwa na meza, faili na cheo, mwingine akiwa chini ya mti, na Wizara ya Utamaduni iliyoundwa mwaka 1962 kwa shabaha ya kufufua sanaa za wananchi ilimwona kwanza yule aliyekuwa tayari ndani ya jengo.

Hata hivyo haingekuwa haki kusema kwamba Serikali haikumwona kabisa. Chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa ilianzishwa kampuni ya taifa ya sanaa, na kampuni hiyo ilianza kununua picha zake kwa mapatano. Kwa mara ya kwanza Tingatinga akawa na mnunuzi asiyefunga mizigo na kuondoka. Aliweza kuiacha kazi ya hospitali akawa mchoraji tu. Nyumba yake huko Msasani ikawa kama karakana: mbao zimeegemezwa ukutani zikauke, mikebe imepangwa, na vijana wa ukoo wake wamechuchumaa na brashi mikononi. Alikuwa amewachukua wanafunzi, wote jamaa au watu wa kwao Tunduru. Majina yao yatajwe: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde na Simon Mpata. Aliwafundisha kama fundi seremala anavyomfundisha mwanagenzi, kwa kumpa sehemu ndogo ya kazi na kumwangalia. Hakuna darasa, hakuna cheti. Alitoa alichokuwa nacho, na kwa kuwa alitoa bila ya kuficha, mtindo wake haukufa naye.

Kwani alikufa upesi. Mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari usiku, pamoja na watu wengine, mjini Dar es Salaam. Askari polisi walidhani kwamba gari hilo ni la wahalifu waliokuwa wakikimbia. Walipiga risasi, na risasi ikampata Tingatinga. Hakuwa mhalifu, wala hakuwa akitafutwa kwa kosa lolote. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo, na wanafunzi sita ambao hawakuwa wamemaliza kujifunza.

Sisi hatupendi kuandika juu ya kifo hicho kwa maneno makubwa, kwani makubwa yamo katika tukio lenyewe. Ila twaomba jambo moja litazamwe. Katika vitabu na vijarida vinavyouzwa kwa wageni, kifo hicho hupewa mstari mmoja, tena mara nyingine huitwa ajali, kama kwamba gari lilipinduka. Haikuwa ajali ya barabarani. Ilikuwa kosa la watu wenye silaha na mamlaka, waliofanya uamuzi gizani kwa haraka, na aliyelipa ni raia asiye na kosa. Nchi ambayo imekubali jina la mtu huyu litangaze uzuri wake kila mahali yaweza pia kukubali kulisema jambo hilo kama lilivyokuwa.

Yeye mwenyewe alikuwa amechora kwa miaka minne tu, au ikizidi si zaidi ya mitano. Kwa muda kama huo sonara huwa bado anavuta mivukuto ya mwalimu wake. Wanafunzi wangeweza kutawanyika, kila mtu akarudi kuuza mboga. Badala yake waliungana, wakaendelea kuchora mahali pale pale Oysterbay, wakawafundisha wadogo zao na watoto wa wadogo zao, na mwaka 1990 umoja wao ukawa chama cha ushirika kilichosajiliwa kwa jina la marehemu. Mpata alihamia Kenya, na picha zake ziliwavutia sana Wajapani hata hoteli moja huko Maasai Mara ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama katika televisheni hadithi za wanyama zilizochorwa kwa mtindo wa Tingatinga na kuitwa kwa jina lake. Hadithi hizo zilitengenezwa Nairobi.

Na visiwani? Mtu anayetembea kutoka Shangani kupitia mtaa wa Gizenga hadi Hurumzi hupita kati ya kuta mbili za Tingatinga. Twiga, ambaye Unguja hakupata kuishi, amejaa kila kibaraza. Wamo vijana wa Unguja na Pemba waliojifunza kazi hiyo na kuifanya vizuri, wakaongeza majahazi, milango ya Mji Mkongwe, samaki na pweza, mambo ambayo marehemu hakuyachora. Wamo pia waliotoka Tunduru, wajukuu wa ule ukoo wa Msasani, waliovuka bahari kwa sababu watalii walivuka. Wamo, na hao ndio wengi, wanaonunua kwa jumla na kuuza kwa rejareja bila ya kujua nani alishika brashi. Hatuoni ubaya katika biashara hiyo. Kazi ni kazi, na nyumba nyingi zinapika kwa ajili yake. Ila picha inapouzwa bila ya jina la aliyeichora, na badala yake linatajwa jina la mtu aliyekufa mwaka 1972, watu wawili wameibiwa kwa mara moja: aliye hai amenyimwa jina lake, na aliyekufa amebandikwa kazi isiyo yake.

Sheria yasemaje? Nchi ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, yaani kabla Tingatinga hajaanza kuchora. Ya mwaka 1999 ilichukua nafasi yake Tanzania Bara, na Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2003. Lakini sheria za namna hii hulinda picha, hazilindi mtindo. Mtu akinakili chui wa Tingatinga mstari kwa mstari, sheria ina neno la kumwambia. Akichora chui wake mwenyewe kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao wa futi mbili, sheria haina neno, na pengine ndivyo inavyofaa, maana kama mtindo ungefungiwa kabatini, wale wanafunzi sita wasingekuwa na njia ya kula. Kuhusu picha zenyewe, sheria ya mwaka 1999 iliandika kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, haki ya warithi wa Tingatinga juu ya kazi za baba yao ilifika kikomo mwishoni mwa mwaka 2022. Katika miaka hiyo 50 picha zake zilipanda bei kutoka shilingi chache za Morogoro Stores hadi fedha nyingi katika minada ya Ulaya. Fedha za minada hupokewa na aliyeuza, yaani yule mgeni aliyeinunua au mwanawe. Hapana senti inayorudi Tunduru kwa nguvu ya sheria yetu.

Linalobaki si la sheria, ni la ofisi na la duka. Ofisa wa utamaduni katika wilaya yaweza kuwa ana mtunza bustani, mpagazi au mhudumu wa wodi anayechora nyuma ya karatasi za ofisi. Kumtazama hakuhitaji fungu la fedha. Ofisa wa utalii anayetoa leseni ya duka la sanaa hapotezi kitu akidai kwamba kila picha iandikwe nyuma jina la mchoraji, mahali na mwaka. Ushirika wa Oysterbay huwa na majina ya wanachama wake; visiwani wachoraji wengi hawana hata daftari lenye orodha yao.

Na kwa wenye maduka wa Mji Mkongwe tuna neno dogo la ufundi. Marehemu alichora juu ya hadibodi, kwa rangi ya mikebe, na akaandika jina lake katika ubao. Picha za kitambaa, zinazokunjwa na kutiwa katika mfuko wa mgeni, zilikuja baada ya kifo chake, watalii walipokuwa wengi na ubao ukaonekana mzito. Kwa hiyo mgeni anapoinua kitambaa chenye tembo watatu na mlima wa theluji akauliza kama ni kazi ya Tingatinga mwenyewe, jibu ni hapana. Kisha atajiwe jina la aliyeichora, na kama yuko karibu, aitwe aje.